Kilichochemsha Gari la Solongo

Solongo aliingia kwenye gereji ya Zundui bila salamu, na pale Arvaikheer, mji wa Mongolia, mtu asiyetoa salamu amekuja kwa shari. Gari alikuwa ameliacha nje, mlango wa dereva wazi.

"Toka chini ya hilo lori tuongee," alisema.

Miguu ya fundi ilikuwa imechomoza chini ya lori la mkaa. Haikusogea. "Nakusikia. Sema."

"Limechemsha tena. Pembetatu nyekundu imewaka kwenye mwinuko, gari likaishiwa nguvu, abiria wakahamia kwenye gari la Davaa huku wananitazama kama mimi ndiye niliyelipika. Wewe si ulisema pampu ya maji imekufa ukaniwekea mpya? Mpya gani hiyo, au uliisugua ileile ukanirudishia?"

Hapo miguu ikajivuta, na Zundui mwenyewe akatoka. Alikuwa mtu wa makamo, mpana wa mabega, na uso wake ulikuwa umeiva kwa hasira kuliko wa mgeni wake.

"Hayo ya kusugua ndiyo uliyowaambia madereva kituoni," alisema. "Yamenifikia. Mji mzima unaendesha haibridi kama hili lako, la petroli na umeme, na tangu ufungue mdomo wako hakuna hata moja iliyokanyaga humu. Nimebaki na malori ya mkaa. Haya, panda garini. Leo utanionyesha huo wizi."

Wakapanda, Zundui akashika usukani. Walipokuwa wanaupanda mlima wa nje ya mji, aliwasha hita ingawa ilikuwa siku ya jua. Hewa ya moto ikawapiga usoni.

"Unaihisi? Maji yasingekuwa yanazunguka kwenye injini, hapa ingetoka hewa baridi. Injini yako nzima." Akasimamisha gari, akafungua boneti, akamvuta Solongo kwa mkono wa koti mpaka kwenye kitangi kidogo cha pembeni. "Na haya ni ya kupoza upande wa umeme. Yametulia au yanacheza?"

"Yanacheza."

"Basi pampu niliyokuwekea inafanya kazi."

"Sasa mbona linachemsha?"

"Nyamaza kidogo. Njoo usikilize huku nyuma."

Solongo alinyamaza kwa shida. Nyuma ya kiti cha abiria kulikuwa na mlio mwembamba, kama birika linalotaka kutokota.

"Ile ni feni ya betri kubwa," Zundui alisema. "Tangu lini inalia hivyo?"

"Wiki kadhaa. Nilidhani ni upepo wa dirishani."

"Upepo." Fundi alitikisa kichwa, kisha akashusha sauti kwa kinyongo. "Pampu nilibahatisha, hilo nakubali. Taa iliwaka, nikakimbilia maji. Ningeanza huku. Lakini kubahatisha si kuiba, dada."

Alibandua plastiki kando ya kiti cha nyuma, pale penye matundu ambayo feni huvutia hewa ya kupoza betri, akafungua skrubu, akaitoa. Feni ilikuwa haionekani. Ilikuwa imejaa sufu iliyoshindiliwa na vumbi mpaka ikawa kama kipande cha blanketi. Zundui alichomeka bisibisi, akavuta donge, akamtupia Solongo mikononi.

"Betri ilikuwa inakosa pumzi. Umebeba nini humu, kondoo?"

Solongo alikuwa analichambua lile donge kwa vidole. Hiyo haikuwa ya kondoo. Ilikuwa sufu laini ya ndani, ile ambayo mbuzi huchanwa majira ya kuchipua, na rangi yake ilikuwa nyekundu ya ngamia. Alikuwa amezichana sufu kama hizo tangu vidole vyake vilipopata nguvu ya kushika chanuo, akiwa amekaa na baba yake mbele ya mbuzi aliyefungwa miguu.

Baba yao alipofariki, mbuzi weupe walikwenda kwa Togtokh, mdogo wake Solongo, na wekundu wakawa wa Solongo. Wote walikaa kwa Togtokh, kwa kuwa Solongo alikuwa barabarani. Kipupwe kilichopita theluji iliganda ikawa chuma, mifugo ikafa nchi nzima, na Togtokh akampigia simu. Wako wamekwisha wote, dada, alimwambia. Solongo aliegesha gari pembeni akalia. Kisha theluji ilipoyeyuka, Togtokh akaja kuazima gari ampeleke mkewe hospitali. Alilirudisha limefagiliwa mpaka chini ya viti. Solongo alimsifu kwa usafi wake.

"Rudisha hiyo feni," alisema.

Zundui alimtazama usoni, akaacha maneno aliyokuwa ameyaandaa. Aliisafisha feni kwa brashi, akaifunga. Mlio ulikoma. Solongo alimshusha gereji, akageuza gari kuelekea bondeni.

Alimkuta Togtokh amechuchumaa mbele ya zizi, chanuo mkononi. Mbuzi aliyelala mbele yake alikuwa mwekundu. Wengine kumi na kitu walikuwa wamefungwa kwenye kamba, wekundu wote, wanatafuna.

"Hawa wamefufuka lini?" Solongo aliuliza.

Chanuo lilisimama. Khorol, mke wa Togtokh, alitoka hemani na bakuli la chai ya maziwa na chumvi, akaona sura ya wifi yake, akabaki mlangoni.

"Dada, kaa kwanza unywe chai."

"Nimekuuliza."

Togtokh alimfungua yule mbuzi taratibu. Alipoinuka, alimkazia dada yake macho bila aibu.

"Wangekuwa wako wangekufa, kwa sababu wewe hukuwepo. Hawa nimewaokoa mimi. Niliwaingiza hemani, nikalala nao, mkojo wao ukaozesha magodoro yetu. Khorol aliwalisha unga wetu. Wewe ulikuwa wapi? Kwenye hita yako. Ulipiga simu mara moja, ukauliza wamebaki wangapi, hukuuliza kama sisi tumebaki."

Maneno hayo yalimchoma, na kwa kuwa yalikuwa na ukweli ndani yake yalimzidishia hasira.

"Ungeniambia hivyo ningekupa nusu," alisema. "Ningekupa hata zaidi ya nusu, Togtokh. Wewe ukaniulia mbuzi kwa mdomo, ukaniacha nililie. Kisha ukaibeba sufu yao kwenye gari langu, ukanisingizia ugonjwa wa mkeo. Nimemwita mtu baki mwizi mbele ya watu kwa ajili yako."

"Sikujua kama ungeondoka nao wote au la."

"Ndiyo maana watu huulizana."

Hakupiga kelele tena. Aliiendea kamba akaanza kuwafungua wekundu mmoja mmoja, akiwashika pembe. Togtokh alitazama, kisha naye akasogea, akawa anamkamatia walio wakaidi. Nusu waliachwa. Nusu Solongo aliwaswaga kwa miguu mpaka kwa Dulmaa, mjane wa ng'ambo ya kijito, aliyekubali kuwachunga. Aliporudi kuchukua gari, Khorol alikuwa bado ameshika bakuli, chai imeshapoa. Kwao kuikataa chai ni kuvunja undugu. Solongo aliipokea, akaionja kwa ncha ya mdomo, akamrudishia, akaondoka bila kumuaga ndugu yake.

Kesho yake asubuhi alisimama kituoni kati ya madereva waliokuwa wanavuta sigara wakisubiri abiria.

"Nilisema Zundui ni mwizi," alisema. "Si kweli. Pampu yake ni mpya na inafanya kazi. Feni ya betri ndiyo iliyokuwa imeziba, na aliyeiona ni yeye. Mwenye gari linalochemsha ampelekee."

Wakatazamana. Davaa akacheka kidogo. "Sasa ilizibwa na nini? Na kama Zundui si mwizi, mwizi ni nani?"

"Hilo ni la nyumbani kwetu," Solongo alisema, na jinsi alivyolisema hakuna aliyeuliza tena. Akafungua buti, akaanza kupakia mizigo ya mama mmoja aliyekuwa anakwenda Ulaanbaatar.