Shahidi wa Santuri za Januarius

Mdogo wangu Januarius ana miaka zaidi ya arobaini na bado anakunywa uji kwangu. Ni fundi redio pale sokoni Bariadi, tena fundi mzuri. Hata hawa wanunuzi wapya wa pamba, waliokuja na mizani zao baada ya serikali kufungua biashara, wanampelekea redio za magari yao. Kazi anayo. Mke hana. Alicho nacho ni santuri.

Zingekuwa santuri za kwaya, au za zile bendi tulizozisikiliza tukiwa wasichana, nisingekuwa na neno. Lakini hizi ni za vijana wa Ulaya na Amerika wanaopiga mayowe kama watu waliokanyaga makaa. Mwenyewe anauita muziki huo panki, na anasisitiza kwamba siyo panki yoyote tu, ni ile ngumu. Mimi nimeisikia kupitia ukutani miaka na miaka. Laini sijaisikia bado.

Yote yalianza na kijana mmoja wa Denmaki aliyekuja kuchimba visima kijijini Nkololo. Aliporudi kwao alimwachia Januarius gramafoni ya betri na santuri chache, kumshukuru kwa kumtengenezea redio. Mwingine angesema asante, yakaishia hapo. Huyu akaanza kuandikiana na marafiki wa yule kijana. Anakwenda kwenye ngoma za mavuno na redio kaseti yake, anawarekodi Wagalu na Wagika, zile timu zetu mbili za ngoma, wakishindana, anawatumia kaseti. Wao wanamtumia santuri. Posta wanamjua kwa jina. Kifurushi kikifika ananiita, "Dada, njoo uone!" utadhani kuna mtoto kazaliwa.

Sasa, santuri haipendi joto, na nyumba zetu za mjini siku hizi zote ni bati. Siku moja nilimkuta ameshika moja iliyojikunja kama chapati iliyosahauliwa jikoni, machozi yanamlengalenga. Hapo ndipo akili yake ilipokimbilia kwenye ng'ombe.

Kwetu Usukumani mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Huwagawa kwa marafiki wa vijiji vingine, ili ugonjwa au wezi wakija wasiwamalize wote. Tunaita kubilisa. Anayetunza anakunywa maziwa, na mwisho wake anapewa mmoja awe wake. Mnyama anakabidhiwa mbele ya mashahidi, rangi yake ikitajwa. Na mtunzaji akifariki, mwenye mali lazima aje siku ya kuanua matanga, asimame mbele ya wazee na shahidi wake, awataje wanyama wake. Asipokuja, wanahesabiwa urithi.

Mtu mwenye akili timamu angeona kwamba santuri haina kwato. Januarius aliona kwamba ni mali, na mali inabiliswa. Akabeba sanduku lake lenye zile anazozipenda zaidi, akalipeleka Nkololo kwa mzee Ndaki, rafiki wa baba yetu, kwa sababu nyumba yake ilikuwa ya nyasi na kuta nene za udongo, ndani baridi kama kanisani asubuhi. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa hai bado. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akakubali kuwa shahidi. Mimi nikaburutwa kuwa wa pili. Mzee Ndaki hakucheka. Alitaka kila santuri itolewe na itajwe, tukazitaja.

Basi mwaka huu mzee Ndaki akafariki.

"Dada," Januarius akaniambia, bakuli la uji mkononi, "Jumamosi wanaanua matanga Nkololo."

"Nenda."

"Siwezi kwenda bila shahidi. Shahidi wangu wa kwanza alikuwa shemeji."

"Shemeji yako yuko makaburini."

"Ndiyo maana nakutazama wewe."

"Jumamosi akina mama wa jumuiya wanasali hapa kwangu. Nimeshakubali. Nitawaambia nini? Nimekwenda kushuhudia mafuvu?"

Maana moja ya santuri hizo ina picha ya fuvu lililovaa kofia ya askari.

Akaweka uji chini. "Machibya anataka kuziuza."

Machibya ni mtoto mkubwa wa marehemu. Amepata kazi ya kununulia kampuni fulani pamba, na tangu hapo anavaa koti jua kali. Alikuwa ameshatangaza kwamba Lamadi, pale wanapopita watalii wa kwenda Serengeti, vitu vya zamani vinanunuliwa, na kwamba Jumatatu sanduku litapanda gari.

"Ukinyamaza zimekwenda, dada. Sitazipata tena. Wale walionitumia wengine hata bendi zao zimekufa."

Nikamtazama. Nywele zimeanza mvi. Nilimbeba mgongoni huyu, nikiwa na homa. Nikawatumia akina mama salamu kwamba nina udhuru, na sikusema udhuru gani.

Tulipanda pikapu ya mtu wa mahindi. Januarius alikuja na gramafoni na redio kaseti vimefungwa kwenye blanketi. Nikamuuliza hivyo vya nini msibani. Akasema, "Huwezi jua." Hayo ndiyo majibu yake.

Kwa marehemu tulikuta watu wamejaa uwanjani. Mzee Mahona, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeongoza. Wenye ng'ombe walitajwa kwanza. Mmoja alisema mwekundu mwenye pembe iliyopinda, mwingine mweusi wa kitovu cheupe. Mashahidi wakaitikia, mambo yakaenda haraka. Kisha Mahona akauliza kama kuna mwingine mwenye kitu.

Januarius akasimama. "Mwangaluka, wazee."

"Mwangaluka mhola. Wewe una ng'ombe hapa?"

"Nina santuri, baba."

Kicheko kilichotokea pale nilikisikia kwenye mifupa. Kijana mmoja akapaza sauti, "Zimezaa ngapi?" Mwingine akadakia, "Dume yuko wapi?" Nikatazama chini nikashika rozari yangu mfukoni, siyo kwa kusali, kwa kujizuia.

Machibya akainuka na koti lake. "Wazee, msipoteze muda. Sanduku limekutwa ndani ya nyumba ya baba. Kilichomo ndani ya nyumba ya baba ni cha baba."

"Na ng'ombe waliokutwa zizini mwa baba?" Mahona akamuuliza. "Umewaachia wenyewe sasa hivi, nimekuona."

"Ng'ombe ni ng'ombe, baba mdogo."

"Kaka alipokea hiki kitu kwa kutajwa au kwa kutupiwa?"

"Kwa kutajwa," Januarius akasema. "Shahidi yupo."

Mzee mmoja akanung'unika kwamba mwanamke hashuhudii mifugo. Mahona akamjibu kwamba hii siyo mifugo, aliyesema ni mifugo ni nani? Wakacheka tena, lakini sanduku likaletwa, likafunguliwa upande wa wazee ili mimi nisione.

"Haya, mayu," Mahona akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Taja."

Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya watu wote hao na kilemba cheupe cha kanisani, na katekista Marcelo kwenye mkeka wa mbele, anayenijua tangu kipaimara. Nifanyeje? Kudanganya siwezi. Kunyamaza ningeweza, na nyumba yangu ingepata utulivu mpaka nife. Nilifikiria hilo. Januarius alikuwa amekunja mikono kifuani kama mtoto anayesubiri sindano.

Nikaanza.

"Kuna yenye kijana aliyenyolewa kichwa, anapiga kelele, mishipa ya shingo imemtoka kama kamba."

Wakatafuta, wakainua. Ipo.

"Kuna yenye mbwa aliyefungwa mnyororo mlangoni mwa benki. Pembeni imeliwa na panya."

Ipo.

"Kuna ndogo, tuliita ndama. Nyeusi na nyeupe, picha ya magari yaliyopinduka. Maandishi ni ya mkono."

Ipo. Sasa hakuna aliyecheka. Watu walisogea.

"Kuna fuvu," nikasema, "limevaa kofia ya askari."

Ikainuliwa juu. Marcelo akatikisa kichwa. "Mama Winnie! Na wewe?"

"Katekista, mimi sijaichora. Nimeulizwa rangi, nataja rangi."

Nikaendelea mpaka ikabaki moja. "Na kuna nyekundu tupu, haina picha. Ganda lake lilichanika, mume wangu akalibandika plasta ya hospitali. Hata santuri yenyewe ndani ni nyekundu, siyo nyeusi kama nyingine."

Wakatafuta. Wakapekua tena. Wakatoa ganda lenye plasta. Ndani hamna kitu.

Machibya akaruka. "Mnaona? Anataja kitu ambacho hakipo! Huyu si shahidi."

Januarius uso ulibadilika. Hiyo nyekundu ndiyo roho yake. Anasema zilitengenezwa chache sana, na vijana wa bendi wenyewe walizibeba mgongoni kuziuza. Nilimwona anatafuta pa kushika.

Ndipo Milembe, mjane wa marehemu, akasema kutoka mlangoni, taratibu, "Ipo. Imefunika mtungi."

Akaingia ndani, akatoka nayo imeshikwa kwa mikono miwili, inachuruzika maji. Januarius alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Aliikimbilia, akavua shati, akaifuta, akaiweka usawa wa jicho akaitazama ubavuni. Halafu akakaa chini vumbini.

"Imenyooka," akasema. "Dada, haijapinda hata kidogo. Kule kwenye maji ni baridi kuliko sandukuni."

Mimi hapo nilishachoka.

Mahona akatoa hukumu: mali ni ya Januarius, imetajwa ikatimia. "Lakini," akasema, "kaka amekutunzia, na maziwa hakupata. Mtunzaji anapewa mmoja. Mjane achague."

Januarius haraka haraka akamsogezea ile iliyoliwa na panya. Mahona akakunja uso. "Mtunzaji hapewi kilema, kijana. Achague mwenyewe."

"Nachukua hii yangu ya mtungi," Milembe akasema.

"Mama, hapana! Chukua mbili nyingine. Chukua tatu!"

"Nitafanyia nini tatu? Mtungi ni mmoja."

Januarius akanigeukia, macho yananiomba nifanye kitu. Kila siku ni mimi wa kufanya kitu. Nikamfuata Milembe pembeni, mjane kwa mjane, nikamwambia nitamletea mfuniko wa bati, mzuri, wenye kishikio, nitauleta mwenyewe.

"Mfuniko ninao, mayu," akanijibu. "Miwili. Mzee alikuwa anaichukua hii jioni, anaigeuza-geuza kwenye mwanga. Anasema ina mistari kama shamba lililolimwa na mtu makini. Kisha ananirudishia nifunike. Nikifunika namwona."

Kwangu lipo koti limetundikwa msumarini, na halina wa kulivaa.

Nikarudi kwa Januarius. "Mwachie."

"Dada!"

"Nimesema mwachie. Wewe ndiye uliyetaka mambo ya ng'ombe. Ukitaka ya ng'ombe, yachukue yote."

Kisha akafungua blanketi. Kumbe hiyo ndiyo "huwezi jua" yake: aliomba aipige mara moja tu, airekodi kwenye kaseti, basi. Mahona akamtazama Milembe, Milembe akasema sawa, hata yeye hajawahi kujua inasema nini.

Januarius akaweka sindano, akawaonya watu wasikohoe. Nikajiandaa. Ngoma ikaanza kama mawe yanayomwagwa juu ya bati, na yule kijana akaanza mayowe yake. Kuku wakatawanyika. Mtoto akalia. Wazee walikaa wima, mikono kwenye fimbo, wakisikiliza kama wanavyosikiliza hotuba ya mkuu wa wilaya. Nilikuwa sijamaliza Salamu Maria ya pili, wimbo ukakatika.

"Umekwisha?" Mahona akauliza.

"Huo umekwisha. Sasa ni mwingine."

"Huyu anagombana na nani?"

"Na tajiri wake, baba. Anasema amefanya kazi mwaka mzima, na bei amepanga mwingine."

Wazee wakatazamana. Mmoja akamwangalia Machibya na koti lake la kampuni. "Ana pamba huyo?" akauliza, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Machibya akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Upande mmoja ulipoisha Januarius akageuza wa pili, na huo nao haukuchukua muda. Milembe alisikiliza yote akiwa amesimama, shavu kwenye kiganja. Mwishoni akasema, "Mzee asingeupenda."

"Asingeupenda?" Januarius akauliza, ameumia kweli.

"Hata kidogo. Alipenda ile mistari." Akaichukua kutoka kwenye gramafoni, akaingia nayo ndani.

Kurudi tulipata nafasi mbele, karibu na dereva. Januarius alipakata sanduku kifua wazi, shati lake lile lililolowa amelitandika juu ya sanduku kuzuia jua. Hakuniambia asante. Alichokifanya ni kumwomba dereva kaseti yake iwekwe, na dereva, mpumbavu mwingine, akaiweka.

Nikatoa rozari. Fungu moja halijaisha, nyimbo zote zimekwisha. Januarius akairudisha kaseti mwanzo. Mayowe yakaanza upya. Tukapita mashamba ya pamba, na watu waliokuwa wanavuna wakainua vichwa kututazama.

"Mama," dereva akaniuliza kwa huruma, "nizime?"

Nikamtazama mdogo wangu, mtu mzima na mvi zake, anatikisa kichwa taratibu na macho ameyafumba, vidole vyake vinapiga ngoma ukingoni mwa sanduku.

"Iache," nikasema. "Ila punguza. Nasali."