TV Mbili, Jina Moja

Alizeti ilipouzwa mwaka ule, nyumba mbili za Iguguno zinazotenganishwa na ua wa minyaa zilinunua TV siku moja, duka moja la Singida mjini. Zililetwa na gari moja, kila moja imeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Ya kwanza ilikwenda kwa Agripina, mjane, mama yake Ritha. Ya pili ilikwenda kwa jirani yake Leonidas na mkewe Esta, ambaye mtaa mzima humwita Mama Noel. Zilikuwa TV nyembamba za kisasa, zile zinazopokea picha kutoka kwenye simu bila waya wowote. Muuzaji alionyesha mara moja tu, tena haraka haraka: unagusa hapa, jina la TV linatokea, unaligusa, basi, unaona kila kitu ukutani.

Hakusema kwamba TV zikitoka kiwanda kimoja huja na jina moja. Wewe mama unayesoma haya, hilo ulishike. Mapacha hawaitwi jina moja. Ukimwita mmoja, anaweza kuitika mwingine.

Miezi miwili ilipita bila neno. Jumapili Ritha alirusha video za kwaya kutoka kwenye simu yake, na mama yake akakaa kwenye mkeka akishangaa jinsi soprano wanavyofungua midomo. Kisha ikaja posa.

Mchumba alikuwa Calist, fundi wa umeme wa jua kutoka Sepuka, kijana asiyeinua sauti. Agripina alimpenda tangu siku aliyomwona akivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Lakini Agripina alikuwa mtu wa hofu. Mvua ikichelewa aliogopa, ikiwahi aliogopa pia. Sasa hofu yake ilikuwa na pembe mbili. Wakidai ng'ombe wengi, wageni watakasirika waondoke, na Ritha atabaki analia. Wakidai wachache, Ritha ataolewa, lakini maisha yake yote huko ukweni atasimangwa: "Wewe nyamaza, tulikupata kwa bei ya kuku." Pembe hizi mbili ndizo zilizomnyima usingizi, na kwa siku tatu hakumaliza sahani ya chakula.

Msemaji wa ukoo alikuwa shemeji yake, Mughwai, mdogo wa marehemu, mfugaji wa Mungaa. Mughwai haandiki meseji. Vidole vyake ni vya kamba na jembe, kimoja kinagusa herufi tatu kwa mpigo. Yeye hujirekodi video. Kwa hiyo Agripina naye alijirekodi, amekaa jikoni, kitenge begani.

"Shemeji, kesho kutwa ndiyo siku," alisema kwenye video ile. "Anza na kumi na tano kama ulivyosema. Lakini nakusihi, wakifika saba usiwafukuze. Mtoto anampenda, na kijana ana adabu."

Akatuma. Jibu likaja kesho yake, Ijumaa, saa kumi jioni.

Sasa, kwa desturi ya posa za huku, wageni wa upande wa mume hawafikii kwa binti. Wanafikia kwa mshenga, wanaoga hapo, wanakunywa chai hapo, mpaka waitwe. Mshenga wa posa hii alikuwa Leonidas, yule yule jirani. Na siku hiyo, kwa kuwa Sepuka si karibu, wageni walikuwa wameshafika: Mzee Simeoni, baba yake Calist, na Luciana, shangazi wa kijana. Walikuwa wamekaa sebuleni kwa Leonidas, vikombe mkononi, wanatazama taarifa ya habari ya mazao.

Agripina alijua wapo. Ndiyo maana alifunga dirisha kabla ya kufungua video ya shemeji yake. Ndivyo hofu inavyofanya: inafunga dirisha, inasahau mlango.

Kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka tangu ilipoanguka kwenye mashine ya kusaga. Uso wa Mughwai ulionekana vipande vipande, jicho huku, pua kule. Ritha alikuwa amekwenda kisimani. Agripina akasema moyoni, mbona na mimi nimeona anavyofanya? Akawasha TV. Akagusa pale anapogusaga binti yake. Majina mawili yakatokea, yanafanana kama punje za mtama. Akadhani simu imerudia tu, kama meseji inavyoingia mara mbili mtandao ukisumbua. Akagusa la juu.

TV yake ikabaki kimya, nyeusi. Akasubiri. Akaigonga kidogo ubavuni. Kwenye simu Mughwai alikuwa amesimama mbele ya zizi, mdomo unakwenda, sauti haipo.

Halafu akasikia sauti ya Mughwai nje. Nzito, ya kuitia ng'ombe, inatoka ng'ambo ya minyaa.

"Shemeji, hujambo? Nimekusikia."

Agripina akafurahi. Kumbe ameshafika! Akajifunga kitenge vizuri ili akamsalimie. Alikuwa ameshafika mlangoni alipotupa jicho kwenye simu, akaona mdomo wa Mughwai unafunguka na kufunga, na kila ukifunguka, sauti inatoka kwa Leonidas.

Akarudi ndani mbio.

"Umesema saba. Sawa," sauti iliendelea kule. "Lakini kesho wewe kaa jikoni, usije ukatoka na uso wa huruma. Niachie mimi. Nitaanza na kumi na tano, nitamzungusha yule Mzee Simeoni mpaka masharubu yake, yale ya beberu, yalowe jasho!"

Agripina akabonyeza. Alibonyeza kila palipobonyezeka. Kidole chake kikaburuta video nyuma.

"...masharubu yake, yale ya beberu, yalowe jasho!"

Akachukua rimoti akazima TV yake, ambayo haikuwa na kosa lolote. Sauti ikaendelea. Na hapo Mughwai, kwa kuwa ni mtu mwangalifu, akahamia Kinyaturu ili aseme siri kubwa zaidi. Iguguno ni kwa Wanyiramba, alijua hata jirani akipita hataambulia kitu. Hakufikiri kwamba watu wa Sepuka ni Wanyaturu wenzake. Kwa Kinyaturu safi, bila kupunguza neno, akaeleza kwamba hata wakiwa na sita tu na ndama wa ahadi, wachukuliwe, maana shemeji yake hana moyo wa kugombana.

Agripina akaitumbukiza simu kwenye ndoo ya unga, akafunika, akakalia mfuniko.

Ritha akamkuta hapo.

"Mama, umekaa wapi?"

"Nimekaa."

"Simu yako iko wapi, nimpigie mama mkubwa?"

"Iko kwenye unga."

"Kwenye unga inafanya nini?"

"Inaongea," alisema Agripina, akaanza kulia.

Ritha aliitoa, akaipangusa, akaona kilichofanyika, akagusa mara moja tu. Kule kwa jirani pakawa kimya. Alitaka kucheka, midomo ikamcheza. Kisha akaiangalia video ya mama yake iliyokuwa juu ya ile ya baba mdogo, akaisikiliza simu ikiwa sikioni.

"Mama, ulisema saba?"

"Nilisema wasifukuzwe."

Ritha akageuka. Alichukua ndoo ya maji akaimimina kwenye pipa polepole, kama mtu anayehesabu matone. Hilo lilimuuma Agripina kuliko makelele yote ya Mughwai.

Giza lilipokaribia, Mama Noel akaja kuomba chumvi, ingawa kwake kulikuwa na chumvi.

"Mama Ritha wewe! Leo tumetazama igizo."

"Usinimalize, Mama Noel. Ilikuwaje mkaifungua?"

"Maandishi yalitokea kwenye TV, yanauliza sijui kubali, sijui kataa. Mimi kila kinachotokea nabonyeza sawa. Hata king'amuzi kikidai sijui nini, nabonyeza sawa. Tukashangaa tunaona zizi! Leonidas akadhani ni habari za ufugaji."

"Na mzee?"

"Mzee aliweka kikombe chini. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaomba kioo."

"Kioo!"

"Kioo. Akajitazama masharubu, upande huu, upande huu. Luciana alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta."

"Na ile ya Kinyaturu? Walisemaje?"

"Hiyo ndiyo sikuielewa, mwenzangu. Ila hapo waliacha kucheka, wakaangaliana."

"Hawajasema wanaondoka?"

"Mzee kasema neno moja tu. Kesho saa nne, asichelewe mtu."

Agripina alimpigia Mughwai mara tisa. Simu ya Mughwai ilikuwa imezimika, maana kule huchajiwa kwa mwenye sola, na mwenye sola alikuwa msibani.

Jumamosi ikaja. Mughwai alikuwa wa mwisho kufika, pikipiki ilipata pancha njiani. Wageni walikuwa wameshaitwa, wamekaa sebuleni kwa Agripina. Alipita moja kwa moja sebuleni, koti begani, fimbo mkononi, na Agripina, aliyekuwa nyuma ya pazia la jikoni pamoja na Ritha, hakupata hata nafasi ya kumvuta mkono. Alitoa kichwa kidogo, akakunja uso, akatikisa kidole. Mughwai akadhani ni yale mambo yake ya huruma. Akamkonyeza.

Baada ya shikamoo na habari za mifugo, Leonidas akafungua kikao. Mughwai akasimama. Alisema vizuri, hilo lisemwe. Alimtaja marehemu kaka yake, akataja shule aliyosoma Ritha, akataja jembe, mtungi, na mikono ya mama aliyemlea peke yake. Mwisho akagonga fimbo sakafuni.

"Kwa hiyo ukoo umekaa, ukoo umesema. Ng'ombe kumi na tano. Wala hatushuki!"

Luciana akaziba mdomo kwa upande wa kanga. Leonidas akaangalia dari.

Mzee Simeoni alipapasa masharubu yake taratibu. Ritha akaushika mkono wa mama yake.

"Tumesikia," mzee akasema. "Sisi tumekuja na kumi."

Mughwai alikuwa amejiandaa kwa watatu, kwa wanne, kwa vita vya asubuhi nzima. Kumi hakuwa amejiandaa nayo. Akabaki amesimama.

"Kumi... kumi ya kuanzia?"

"Kumi ya kuanzia na kumalizia. Tulitoka Sepuka tumeshasema kumi, na majirani zetu walisikia. Sasa ndugu yangu, kuna mtu jana alisema saba. Akasema hata sita na ndama wa ahadi. Alisema kwenye TV, kwa lugha ya mama yangu. Maneno hayo tuliyasikia kwenye TV, na tumeyaacha kwenye TV. Mwanamke anayeingia nyumbani kwangu hawezi kuja na bei aliyopunguziwa kwa bahati mbaya."

Mughwai akaangalia TV ukutani, akaangalia pazia, akaanza kuelewa. Akakaa polepole.

"Ila masharubu," Mzee Simeoni akaendelea, akiyashika ncha zote mbili, "masharubu nimekuja nayo. Haya hapa. Hayo siwezi kuyaacha kwenye TV. Naomba faini."

"Faini?" Mughwai akaruka. "Tangu lini upande wa mume ukatoza faini? Faini ni yetu! Hata kuchelewa kwenu ni faini!"

"Aliyechelewa ni nani leo?" akauliza Luciana.

"Pancha ile!"

"Beberu mmoja," mzee akasema. "Na awe na masharubu."

"Haijawahi kutokea, hata ukiuliza wazee wa Mungaa wote..."

"Tunalipa!"

Ilikuwa sauti ya Agripina. Mama wa binti hasemi kitu kikao kikiendelea, kila mtu anajua, na yeye mwenyewe alishtuka kujisikia. Sebule nzima ikageukia pazia. Kisha Mzee Simeoni akacheka kwanza yeye, cheko la tumboni, masharubu yakaruka, na Mughwai naye akashindwa, akacheka huku anajipiga paja.

Nyuma ya pazia Ritha aliuegemeza uso wake kwenye bega la mama yake. 

Beberu alichinjwa mchana huo huo. Ritha alitumia nusu saa akienda na kurudi kati ya nyumba mbili na rimoti mbili, mpaka TV zikawa na majina tofauti, akamwandikia Mama Noel kwenye karatasi: usibonyeze sawa kabla hujasoma. Nanyi wengine fanyeni vivyo hivyo, leo, kabla hamjapata wakwe. Simu haijui siri. Inajua jina tu.

Luciana alikuja jikoni bila kukaribishwa, akachukua kisu, akaanza kukata maini.

"Dada, ile saba uliisemea nini?" akauliza.

Agripina alitaka kutafuta uongo, akaukosa.

"Niliogopa mtaondoka."

"Wewe!" Luciana akaacha kukata. "Na sisi tangu Sepuka tunaogopa mtatukataa. Kaka yangu njia nzima alikuwa ananiuliza, nikipiga goti itakuwa aibu? Mtu mzima yule, na masharubu yake."

Wakacheka mpaka Mughwai akapiga kelele kutoka sebuleni kuuliza kama nyama inapikwa au inachekwa. Luciana akachovya kipande cha ini kwenye chumvi, akampa. Agripina akakila akiwa amesimama, kisha akavuta sahani, akaongeza ugali, akala, akaongeza tena. Sahani ilipobaki nyeupe ndipo alipotambua kwamba hakuna aliyemlazimisha.