Mwavuli wa Breki

Sanduku lile lilikaa juu ya kabati miaka tisa bila kufunguliwa, na lingekaa mingine tisa kama mama mkwe asingehamia na masanduku yake mawili ya nguo. Nafasi ikatakiwa. Fundi Meno akapanda kiti, akalishusha, akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati. Mkewe, aliyekuwa amemshikia kiti, akamwambia, "Ama uijenge hiyo ndege, ama nimpe mtu."

"Nitaijenga."

"Ulisema hivyo mwaka tulionunua hili kabati."

Ndani mlikuwa na vipande zaidi ya mia mbili vya plastiki ya kijivu. Ukivikata, ukavisugua msasa na kuvigundisha kwa mpangilio wake, unapata ndege ya kivita iliyopunguzwa mara thelathini na mbili: jeti ya injini moja, ya miaka kumi na kitu baada ya vita vikuu vya pili, mabawa pembetatu, mwili kama bomba, pua wazi kama samaki anayepiga miayo. Fundi Meno, ambaye jina hilo alibandikwa na majirani, kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha nyumba yao ya ghorofa ya tatu. Madaktari wanamletea vipimo vya taya, yeye anarudisha meno. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anatamani atengeneze, japo mara moja, kitu ambacho hakuna mtu atakayekitia mdomoni.

Chumba cha nyuma kilikuwa na vumbi la plasta, kwa hiyo ndege aliiweka kwenye meza ya sebuleni, karibu na dirisha, kwenye mwanga mzuri. Na dirishani ndipo alipokuwa anakaa mama mkwe.

Mama yule alianguka bafuni kwake, akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji. Daktari alisema mfupa umeunga vizuri, sasa kilichobaki ni kutembea. Akapewa kile chuma cha miguu minne cha kushikilia. Lakini mama alitembea kutoka kitandani hadi dirishani, na kutoka dirishani hadi kitandani, basi. Ukimuuliza anaendeleaje, anajibu, "Nipo tu." Ukimuuliza anataka kula nini, anajibu, "Chochote." Binti yake, aliyekuwa mwalimu mkuu na amezoea kunyamazisha watoto mia sita kwa kukohoa tu, alikuwa hajui afanye nini na mtu mmoja asiyetaka kusema. Asubuhi alikwenda kazini akiwa na wasiwasi, na nyumbani wakabaki wawili hao, mkwe na mkwewe, kila mmoja akimwonea mwenzake haya.

Siku ya nne ya ujenzi, Fundi Meno alifika mkiani. Sandukuni mlikuwa na mikia ya aina mbili, na karatasi ya maelekezo ilisema mjenzi achague. Akachukua mmoja, akaupaka gundi, akawa anausogeza mahali pake.

"Huo sio."

Aligeuka. Mama mkwe alikuwa ameinama mbele kitini, anautazama mkia.

"Umesemaje, Mama?"

"Huo mkia sio. Huo ni wa zile za mwanzo, mwavuli ulikaa chini ya tumbo. Zilizokuja baadaye ziliuweka juu, pale mkia unapoanzia. Kuna kama kikombe hivi kimelala. Si hicho hapo?" Akakionyesha kwa kidole, miongoni mwa vipande hamsini vya kijivu vilivyofanana.

Kweli, kilikuwa hicho.

Fundi Meno aliufuta mkia wa kwanza gundi kabla haijashika. "Mama," akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kumrusha ndege dirishani, "wewe umeyajulia wapi haya?"

"Si nilikuwa nafanya kazi kambini."

Basi akaeleza, kidogo kidogo, na Fundi Meno akayasahau meno ya watu siku ile. Jeti hizo zilitua kwa kasi kubwa mno, breki za magurudumu peke yake hazikutosha. Ikigusa ardhi, rubani anabonyeza kitufe, nyuma kunachomoka mwavuli wa kitambaa, parachuti, unajaa upepo na kuivuta ndege. Ukishatumika unaokotwa, unaanikwa, unakaguliwa, unakunjwa upya. Wakunjaji walikuwa wanawake sita kwenye meza moja ndefu iliyong'arishwa mpaka unajiona uso. Kamba zinanyooshwa moja moja, kitambaa kinakunjwa kwa zamu, halafu unaushindilia mfukoni kwa goti.

"Kwa goti?"

"Mkono hautoshi. Sote tulikuwa wembamba, lakini magoti kama ya mabaharia." Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu ahamie, alicheka.

Jioni mwalimu mkuu aliporudi na kusimuliwa, alibaki na mkoba mkononi. "Mama, si ulisema ulikuwa unashona sare za askari?"

"Nilisema nilikuwa nashona. Sare umeongeza wewe."

Tangu hapo Fundi Meno hakujenga peke yake. Mama alivuta kiti mezani. Alikuwa haijui ndege nzima, chumba cha rubani hakuwahi hata kukichungulia, na mabawa yalipobandikwa alisema tu, "Hayo sikuyatazama sana." Lakini kuanzia nusu ya nyuma kwenda mkiani usingemdanganya. Alijua mahali rangi ilipobabuka kwa joto la injini, alijua masizi yanakaa upande gani. Fundi Meno akaona haitakuwa haki kuiweka kabatini mwavuli ukiwa umefichwa. Akaamua ndege yake itakuwa inatua, na mwavuli umetoka.

Ndipo ikaja shida ya kitambaa. Alijaribu leso. Mama akasema, "Hilo ni shuka." Alijaribu karatasi laini ya kufutia uso, ikachanika. Alijaribu bitana ya koti lake la harusi bila kumwambia mkewe, na hapo mama akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, wewe kwenye meno nakuamini. Kitambaa huchagui kwa macho. Kuna duka hapo chini?"

"Lipo, mtaa wa pili. Nitakuletea vipande uchague."

"Nitakwenda mwenyewe."

Waliteremka ghorofa tatu kwa dakika ishirini na tano, Fundi Meno akitangulia kinyumenyume huku amebeba kile chuma cha miguu minne, mama akishikilia ukuta na kumwambia aache kumtolea macho kana kwamba anabeba mayai. Dukani alipitisha vidole kwenye majora kumi na mawili. Muuzaji alipoanza kueleza habari za vitambaa vyake, mama alimwambia, "Subiri kwanza, baba, nasikiliza hiki." Mwishowe alichagua hariri nyepesi ya rangi ya maziwa, robo mita tu. Kurudi walipumzika kila kituo cha ngazi. Usiku ule nyonga ilimuuma, lakini alikula sahani nzima akaomba nyongeza.

Mwavuli wenyewe ulikuwa mduara wa ukubwa wa kisahani cha chai, wenye tundu katikati la kupitishia upepo, na kamba kumi na sita za uzi. Mama aliushona siku tatu kwa sindano nyembamba kuliko zote nyumbani, miwani ya kukuzia ya Fundi Meno ikiwa imemkaa puani kama ya profesa. Yeye Fundi alitengeneza kulabu ya kuushikilia mkiani, akitumia waya uleule anaotumia kushikiza meno ya bandia kwenye meno mazima. Kulabu yake ilifunguka na kufungika kama ya kweli.

"Tayari," akasema siku ya tatu, akaibonyeza mbele yake. Tik. Tik. "Hapa ndipo kamba zako zinaning'inia."

Mama aliitazama ile kulabu. Akavua miwani, akachomeka sindano kwenye kitambaa, akainuka.

"Mama, vipi?"

"Nimechoka."

Akaenda kulala saa nane ya mchana, na jioni hakutoka. Mkewe akamuuliza Fundi Meno amemfanya nini mama yake, naye akaapa hajui.

Kesho yake asubuhi mwalimu alipoondoka, mama alikuja mezani mwenyewe. Hakuugusa mwavuli.

"Kulikuwa na rubani mmoja," akasema. "Kijana mwembamba. Alipenda kupitia dirishani kwetu, anasema, kina dada, mkinikunjia leo msinikunjie na usingizi. Siku moja mvua imenyesha, njia ya kurukia imelowa inateleza. Akatua, akafungua mwavuli, ndege haikusimama. Ilipita mwisho wa njia, ikavuka mtaro, ikachimba ardhi kwa pua. Walimtoa akiwa hai, mgongo umevunjika. Hakuruka tena maishani. Kila mwavuli ulikuwa na kadi, aliyekunja anatia sahihi. Ile ilikuwa yangu. Wakaja wakubwa, wakaichukua, wakaniuliza maswali mawili matatu. Sikuambiwa lolote tena. Nikaacha kazi kabla ya mwezi kwisha, nikasema naolewa. Ni kweli niliolewa, lakini sikuacha kwa sababu hiyo."

Fundi Meno aliuliza kama anavyouliza kila siku akiletewa meno yaliyovunjika.

"Mwavuli ulipatikana wapi?"

"Katikati ya njia. Mbali kabisa na ndege."

"Umekaaje?"

"Umetanuka. Umelala umejaa maji kama beseni."

Fundi Meno akaweka chini koleo lake dogo. "Ulikuwa umefunguka?"

"Si nimekwambia umetanuka."

Fundi Meno aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na mashine ya mkewe ya kukaushia nywele. Akaibana ndege mezani kwa vitabu viwili, akafunga kamba za uzi kwenye kulabu, akawasha mashine mbele ya pua. Hariri ilipapatika, ikajaa, ikavimba mviringo nyuma ya mkia, nyuzi zote kumi na sita zikakaza. Mama alishika mdomo.

"Mwavuli ukijaa hivi, ulikunjwa vizuri," akasema Fundi Meno kwa sauti kubwa, maana mashine ilinguruma. "Ungekunjwa vibaya ungetoka umesokoteka kama nguo iliyokamuliwa, na ungebaki unaburutwa nyuma ya ndege. Sasa tazama." Akaifungua kulabu kwa ncha ya sindano. Mwavuli ukaruka ukiwa wazi, ukagonga pazia, ukaanguka sakafuni umetanuka vilevile.

Akazima mashine.

"Mimi sikuwepo, Mama. Siwezi kuapa. Lakini nikiletewa meno yamevunjika, siulizi nani alaumiwe, naangalia yamevunjikia wapi. Mwavuli wako ulifanya kazi yake. Kilichoachia ni kulabu, au pini yake. Kulabu ilikuwa kwenye kadi yako?"

"Hapana," akasema mama polepole. "Kulabu ilikuwa ya mafundi wa ndege. Sisi hatukuruhusiwa hata kuisogelea."

"Basi."

"Kwa nini hawakuniambia?"

"Labda walidhani unajua. Labda hakuna aliyefikiri kwamba unaumia."

Mama aliinama kwa shida, mkono mmoja kwenye meza, akauokota mwavuli mwenyewe. Akaukung'uta. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, na hakuyafuta.

"Rudia," akasema.

Alirudia. Akarudia tena. Mara ya tano mama aliomba aifungue kulabu yeye, na mara ya tisa mashine ikatoa harufu ya kuungua, ikazima yenyewe. Jioni walimkabidhi mwalimu mkuu mabaki ya mashine yake, wakamwambia yote. Alikaa sakafuni miguuni pa mama yake na gauni lake la kazini, wakazungumza wawili peke yao mpaka chakula kikapoa, na hakuna aliyetaja mashine tena.

Juma lililofuata mama alimwomba binti yake amtafutie mtu. Kwenye ile meza ndefu ya kambini, kushoto kwake alikuwa anakaa mwanamke waliyemwita Kasuku, kwa sababu hakunyamaza hata akiwa na pini mdomoni. Mama alipoacha kazi aliondoka bila kumuaga. Mwalimu aliulizia kwa huyu na yule, simu nne, tano, na Jumapili sauti nyembamba ikajibu, "Nani? Wewe? Wewe uko hai na hujanipigia?" Waliongea saa nzima na zaidi. Alichosema Kasuku kuhusu ile ajali kilikuwa kifupi: mezani wote walijua kwamba ni kulabu, walidhani yeye amekimbilia bwana. Yaliyobaki yalikuwa ni wajukuu na magoti.

Jumamosi Kasuku akaja, mdogo, mkakamavu, mkoba wake mkubwa kumzidi. Ndege ilikuwa imemalizika, imepakwa rangi ya fedha, masizi mahali pake, mwavuli umesimama nyuma kwa waya mwembamba usioonekana. Fundi Meno alisimama pembeni akingoja asifiwe. Kasuku alivaa miwani, akaizunguka meza, akapita pua, akapita mabawa bila kusimama, akafika mkiani.

"Kamba ya saba na ya nane zimepishana," akasema.

"Hazijapishana," akasema mama.

"Zimepishana. Njoo utazame."

Mama akatazama. Akatazama tena. "Zimepishana," akakubali, na sauti yake ilikuwa ya furaha tupu. "Mwanangu, tufungulie hiyo kulabu. Na hilo koleo lako dogo lete."

Fundi Meno akafungua kulabu, akaleta koleo. Akavuta kiti ili naye akae.

"Mwanga, baba, unatuzibia mwanga," akasema Kasuku bila kuinua kichwa. "Hebu katuwekee chai."

Akaenda jikoni kuweka chai.