Namba Iliyopakwa Rangi

Ukutani mwa duka la dawa za mifugo la Justina, upande unaotazama barabara ya stendi ya Bariadi, palikuwa na kiraka cha rangi ya bluu kisichofanana na bluu nyingine ya ukuta ule. Chini ya kiraka hicho zilikuwepo tarakimu kumi za simu, alizoziandika marehemu mumewe Josia kwa mkono wake mwaka walipofungua duka. Jua la asubuhi likipiga kwa pembeni, sifuri ya kwanza na saba iliyofuata zilichungulia. Kila siku, kabla hajagusa kufuli, Justina alisimama kuzitazama, kuona kama zimetokeza zaidi ya jana. Alikwisha kununua kopo la pili la rangi, na mwaka ulikuwa haujaisha.

Mlangoni alitundika kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: FEDHA TASLIMU TU. Maneno hayo matatu, jamani, yalimletea maneno elfu. Wengine walisema anakwepa kodi. Wengine, wale wanaojifanya wana huruma, walisema mjane wa watu hajui kusoma meseji. Na wapo waliosema jambo baya zaidi, kwa sauti ya chini: kwamba mwanamke anayekataa pesa ya simu anataka noti ya mkononi kwa sababu noti ndiyo inayobeba chuma ulete, ukiichanganya chenji yake na pesa zako, jioni unakuta mfuko mtupu na zako zote zimemfuata yeye. Justina aliwaona wateja wakiikunja chenji yake na kuitia mfuko wa peke yake. Aliona, akameza mate, akawaambia karibuni tena.

Siku ya mkasa huu ilikuwa siku ya mnada, mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zimelainisha mashamba na kila mwenye plau anahangaika kulima pamba kabla udongo haujakauka. Barazani pa duka alikaa Januarius, fundi viatu, ambaye hakulipa kodi ya baraza ile wala hakuwahi kufunga mdomo wake. Ndani alisimama Gloria, karani wa halmashauri, aliyefuga kuku na kufuata chanjo ya kideri.

"Mama Sayi, hivi wewe dunia hii tunaishi pamoja kweli?" Gloria alisema, akitikisa simu yake. "Hadi muuza mahindi ya kuchoma ana namba ya kulipia. Mimi sitembei na noti, zinanuka jasho. Leo mawakala wote hawana fedha, wa mnadani wamezimaliza. Sasa kuku wangu wafe?"

"Chukua chanjo, Gloria. Utaniletea fedha kesho."

"Unaona? Unanikopesha, lakini kupokea kwa simu hutaki. Kuna nini humo?"

"Muulize vizuri," Januarius alidakia kutoka nje, mdomo umejaa misumari. "Mimi nimemuuliza mwaka mzima, ananijibu hali ya hewa."

Justina alicheka, kicheko kifupi cha kufukuzia watu. Angewaambia nini? Kwamba namba ile ya ukutani ilikuwa ya duka lakini haikuwa ya kwake? Ilipotoka amri ya kusajili laini kwa alama za vidole, yeye na Josia walikuwa bado wanasubiri namba zao za kitambulisho cha taifa, na laini ilikaribia kufungwa. Masunga, mdogo wake Josia, akasema mbona jambo dogo, akaweka kidole chake. Tangu hapo kila aliyelipa aliona jina la Masunga Ndaki, na hakuna aliyeshangaa, maana ndugu ni ndugu. Josia akafa. Arobaini ilipopita, katikati ya msimu wa viuatilifu vya pamba, laini ikazima ghafla mkononi mwa Justina. Kwenye dawati la kampuni ya simu, binti mmoja akamtazama kwa upole na kumwambia, "Mwenye laini ameihuisha jana kwa kadi mpya, mama. Wewe jina lako halimo." Mauzo ya miezi miwili yalikuwa ndani.

Alipomfuata Masunga, shemeji yake hakukana. Alimkaribisha kiti, akamwagizia soda. "Shemeji, ile ni mali ya ukoo, naitunza," alisema. "Na kiwanja duka lilipo, karatasi yake ni ya marehemu baba, ninayo mimi. Ukitangaza namba nyingine, watu watauliza ya zamani imekwendaje. Watakuja na maneno. Ukoo ukianza kukaa vikao, sijui wewe na mwanao Sayi mtalala wapi." Alisema bila kupandisha sauti, na soda ile Justina aliinywa hadi tone la mwisho kwa woga. Ndiyo maana akachagua noti. Noti haikuuliza jina la mtu, wala haikupita kwa Masunga. Akaifuta namba, akatundika boksi lake, akaufunga mdomo. Kila Jumamosi Masunga alipita kusalimia, akitembeza macho kwenye rafu, na Justina alimpa mkono kwa heshima zote.

Jambo moja tu lilimsumbua asilijue maana. Wateja wa upande wa Itilima walikuwa wamepungua, na mwezi wa nane mwanamume mmoja wa Lagangabilili aliingia dukani, akamwita mwizi mbele ya watu, akatema mate mlangoni na kuondoka kabla hajaeleza. Justina alidhani ni maneno yale yale ya chuma ulete yamefika hadi huko.

Gloria alikuwa bado anatafuta neno jingine la kumchoma alipoingia mzee mmoja mrefu, suruali imekunjwa hadi magotini, matope yamemkaukia miguuni.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia Justina kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Karibu."

"Naitwa Masalu, natoka kule mbele ya Lagangabilili. Maksai wangu wawili wanaumwa. Mmoja tangu jana hacheui, mitoki ya shingoni imevimba, anapumua kwa shida. Wa pili leo asubuhi ameanza kusimama peke yake. Bwana mifugo amesema ndigana, ile homa ya kupe, nikimbie nilete dawa ya sindano, jioni itakuwa nimechelewa."

Justina aliifikia chupa rafu ya juu bila kutazama. Aliijua dawa ile kwa kugusa. "Elfu arobaini na tano, baba. Ikinge na jua njiani."

"Ninayo. Kijana wangu wa Mwandoya amenitumia." Mzee alitoa simu ndogo iliyopasuka kioo, imefungwa kwa mpira. "Namba gani?"

Barazani, Januarius aliweka nyundo chini.

"Napokea fedha taslimu tu, baba."

Mzee Masalu aligeuka kulisoma boksi kama mtu anayesomewa hukumu. "Mawakala nimewapitia wanne. Wote wananiambia nirudi saa kumi. Mayu, saa kumi maksai wangu atakuwa nyama."

"Si nilikwambia?" Gloria alimnong'oneza Justina, na safari hii hakuwa na utani. "Mpokelee mzee wa watu. Una roho gani?"

Justina aliishika ile chupa kwa mikono miwili. Angeweza kuitoa bure, na kweli ilimjia kuitoa. Lakini mwezi ule alikuwa amekwisha kukopesha zaidi ya alichouza, na mwenye duka la jumla la Mwanza hakuelewa lugha ya huruma. Alikuwa bado anapima alipomwona mzee ametoka barazani, ameishika simu karibu na macho, anabonyeza kwa kidole cha shahada, taratibu, akitamka tarakimu moja moja.

Alirudi ndani uso umefunguka. "Yamekwisha, mayu. Nimekumbuka namba ya duka hili ninayo tangu enzi za marehemu Josia. Nimeshatuma. Binti, hebu nisomee."

Gloria aliipokea simu. "Umetuma shilingi elfu arobaini na tano kwenda kwa Masunga Ndaki." Akainua macho. "Masunga si shemeji yako? Kumbe namba mnayo, inafanya kazi, halafu sisi unatuzungusha mwaka mzima!"

"Basi hela imeingia nyumbani," Januarius alisema, amekwisha kusimama mlangoni. "Mpe mzee dawa yake, mama. Mnyama hasubiri."

 Justina alimpa mzee chupa. Akamfungia na sindano mbili kwenye gazeti, akamweleza kipimo, akamrudisha alipokosea hadi akakipata. Hayo aliyafanya vizuri. Moyoni alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya ukimya: elfu arobaini na tano imekwenda, siri imebaki, Jumamosi Masunga atakuja kusalimia. Angeweza kuishi hivyo. Alikuwa ameishi hivyo.

"Mungu akubariki," mzee Masalu alisema. "Nitawaambia wenzangu kijijini namba ni ile ile. Walikuwa wanaogopa, wanasema duka la Bariadi linakula hela za watu. Mimi nawaambia haiwezekani, mke wa Josia namjua."

Justina akamwangalia. "Wanasema linakula hela za nani, baba?"

"Ah, maneno tu. Hata jirani yangu, anasema alipiga namba ile, akaambiwa atume, dawa ingepanda gari. Anasema haikupanda. Huyo naye ni mlevi."

 Justina alimkumbuka yule mwanamume wa mwezi wa nane, na mate yake mlangoni, na jinsi alivyoyafuta mwenyewe kwa tambara akiomba Mungu majirani wasione.  Aliogopa, tena aliogopa kuliko siku ya soda. Aliiona karatasi ya kiwanja, akauona mduara wa wazee wa ukoo, akamwona Sayi na godoro lake kichwani. Lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooka juu ya meza.

"Baba, niazime simu yako kidogo."

Alibonyeza zile tarakimu kumi za ukutani, kisha akabonyeza spika na kuilaza simu mezani, katikati, pale anapowekea fedha. Iliita mara mbili tu.

"Duka la dawa za mifugo Bariadi, karibu sana mteja." Ilikuwa sauti ya Masunga, tamu, changamfu, sauti ambayo Justina hakuwahi kuisikia hata siku za furaha. "Hela yako nimeiona, mzee wangu, arobaini na tano imeingia. Ulitaka dawa gani? Mzigo wako unapanda gari la saa nane, utaupokea pale pale stendi ya kwenu. Usiwe na wasiwasi kabisa."

Gloria alijiziba mdomo.  Januarius aliitema ile misumari kiganjani, mmoja baada ya mwingine. Mzee Masalu aliitazama chupa aliyokuwa nayo mkononi, kisha akaitazama simu yake.

"Mzigo gani tena?" alinong'ona.

"Haloo? Mzee, unanipata?"

Justina alishika ukingo wa meza.  Akatazama mlangoni, kwenye boksi lake, herufi zake nene zimeanza kufifia kwa jua. Woga ulikuwa pale pale, haukusogea hata hatua.

"Haloo! Naongea na nani?"

"Na mwenye duka," alisema Justina.

Simu haikukatwa. Palisikika mlango ukifungwa, kisha pumzi ya mtu. Kwenye kile kioo kilichopasuka sekunde ziliendelea kwenda. Gloria alisogea akasimama bega kwa bega na Justina, na mzee Masalu, aliyekuwa na haraka kuliko wote, akaitia chupa kifuani mwa shati lake, akavuta kigoda, akaketi.