Kanyaga, Anatoli

Mwaka ule ule niliomzika Vumilia, sauti yake ilinipotea. Sura ninayo. Namna alivyofunga kitenge ninayo, hata harufu ya moshi kwenye nywele zake. Sauti hakuna. Nakaa nyumbani kwangu Makebuko, naita, nasubiri kichwani aitike, naona mdomo unafunguka tu.

Alikuwa amekwenda Giteranyi kumsalimia mama yake, tumbo likamshika. Gari la wagonjwa lilikuwepo, limeoshwa linang'aa, mafuta hakuna. Siku hiyo hiyo magari ya wakubwa yalipita na vumbi lao kwenda kwenye sherehe. Shemeji yangu Yakobo akampakia kwenye baiskeli kumkimbiza Muyinga mjini. Hawakufika. Na mafuta ya kuleta maiti huku Gitega nayo yakakosekana, akazikwa kwao, mbali nami. Watu wananiambia ni mapenzi ya Mungu. Mungu hana kituo cha mafuta.

Ndiyo maana, siku moja nikitoka kuzuru kaburi lake, nilipita kwa Abubakari. Ni fundi cherehani pale Muyinga. Akimaliza kushona, yeye na dada yake Salama wanaigiza hadithi za mapenzi, wanazirekodi kwa simu, na watu wanatumiana. Niliwaza: nikiwaandikia hadithi yangu na Vumilia, labda sauti yake itarudi kupitia maneno. Mimi niliishia darasa la nne, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Niliandika hivyo hivyo.

Salama alisoma mpaka mwisho, akaweka karatasi juu ya cherehani.

"Baba, usiudhike. Huyu mwanamke anafanya nini humu?"

"Ni mke wangu."

"Sawa, lakini anafanya nini? Kwa baiskeli anakaa. Nyumbani anakaa. Anaumwa, anakufa. Wakubwa tu ndio wanasema. Mi nitaigiza nini, gunia ya mihogo?"

Abubakari akacheka. "Mzee, hotuba iko nyingi sana. Kila mtu anajua mafuta ya esansi hakuna. Watu wanataka kusikia kwa nini ulimpenda."

"Alikuwa mwema."

"Hata mbuzi yangu iko mwema," Salama alisema.

Hasira zikanipanda. Nikazoa karatasi zangu. "Binti, hujui kitu wewe. Gunia? Vumilia hakuwahi kukaa kwenye baiskeli yangu kilima kikianza! Hata nimkataze. Anaruka chini, anasukuma."

"Anasukuma kimya?"

"Kimya wapi! Anasukuma huku ananisema: 'Kanyaga, Anatoli! Ule ugali wangu uliuweka wapi?'"

Yalitoka mdomoni mwangu, lakini haikuwa sauti yangu. Nyembamba, kavu, neno la mwisho limevutwa kama kamba ya kisimani. Vumilia alitania bila kucheka. Wewe ndiye unavunjika mbavu, yeye anakutazama tu. Nilikaa nikishikilia kiti. Salama naye alikuwa ameugeukia mlango, kama kuna mteja ameingia.

"Nani iko pale?" akauliza.

Hapakuwa na mtu.

"Andika hiyo," Abubakari alisema polepole. "Kilima tu. Wakubwa uwatoe."

Kuwatoa kuliniuma, maana ndio walioniulia mke. Lakini niliwatoa, nikaandika pale pale kwenye meza ya kukatia nguo. Sasa Vumilia alisema mwenyewe, mimi nafuata nyuma kwa kalamu. Alinikataa mara ya kwanza kwa sababu ya kofia yangu. Aliniuliza kama miguu ile niliazima. Na kule juu, sote tunahema, alinifuta jasho la shingo kwa ncha ya kitenge bila kunitazama, akajifanya anaangalia mashamba ya watu.

Salama akarekodi. Alipofika kwenye ile ya kanyaga, mwishoni akaongeza kicheko kidogo, kitamu.

"Usicheke," nikamwambia. "Yeye hakucheka."

"Baba, bila kucheka watu watasema anakuchukia."

Kaka yake akamuunga mkono. Mimi nikawaachia, basi ikabaki hivyo.

Hadithi ilifika Makebuko kabla yangu mimi na baiskeli yangu. Imelda, muuza ndizi wa sokoni, aliniwekea simu sikioni huku anafuta machozi: "Anatoli we, kumbe mlipendana hivi!" Vijana barabarani wakawa wananipigia kelele, "Kanyaga, Anatoli!" na kicheko kile kile. Mimi nami niliisikiliza. Niliisikiliza mno.

Jana nilitoka Gitega mjini na chumvi. Kilima cha kuingia kwetu kilipoanza, baiskeli ikawa nyepesi. Mkono ule naujua. Unasukuma keria upande wa kushoto zaidi, mpaka usukani unataka kukimbilia kulia. Sikugeuka. Nikabana pumzi nisikie.

"Kanyaga, Anatoli! Ule ugali wangu uliuweka wapi?"

Kisha kicheko kidogo, kitamu.

Kicheko ni cha Salama, lakini Salama yuko hai, yuko Muyinga anapiga pasi nguo za watu. Mkono huu ni wa mke wangu.

"Vumilia," nikasema, "sema mwenyewe."

Mkono ukasukuma.

"Sema bila kucheka, mama. Mara moja tu."

Ukasukuma tu. Tulipofika juu ukaniachia, na kitu kikanifuta jasho shingoni, kikavu, kama ncha ya kitenge. Hapo gari la mkubwa mmoja likapita, tangi limejaa, likanimwagia vumbi lote machoni. Nilipoweza kuona tena, nilikuwa peke yangu.

Nikageuza baiskeli, nikateremka mpaka chini kabisa, ili nianze tena kupanda.