Ramani ya Buswahili

Anastazia alipofika kutoka Bunda, hakujua hata kuwasha mashine ya kupimia. Ofisi ile ndogo ya upimaji ardhi pale Nyasho, mjini Musoma, ilikuwa ya Mzee Pastory, na Gaudensia ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia. Gaudensia ujuzi wake aliupata kwa taabu: alikosea, akafokewa, akajifungia na kompyuta mpaka ikamtii. Hakuwahi kumwuliza mtu. Kuuliza, kwake, kulikuwa kujivua nguo mbele za watu.

Anastazia aliuliza kila mtu. Alimwuliza Yusto mchoraji wa ramani namna ya kunyoosha picha za droni, akamwuliza bosi mwenyewe mbele ya wateja. Akikosea anacheka, anafuta, anaanza upya. Haukupita mwaka, Mzee Pastory akaanza kusema, "Hebu mpelekeeni Ana aiangalie." Zamani kauli hiyo ilikuwa na jina la Gaudensia.

Kila ikitamkwa, Gaudensia aliinamia kompyuta yake kana kwamba hakusikia. Hata kumwona binti yule akila dagaa wake wa mchana huku Yusto akimwelekeza kulimchoma. "Mimi nani alinielekezaga?" alijisemea.

Ndipo ikaja kazi ya Buswahili, huko Butiama, kupima mashamba ya majirani wawili waliokuwa wakigombania mpaka. Bosi akampa Anastazia aiongoze. Siku hiyo Gaudensia aliondoka mapema bila kumuaga mtu.

Kesho yake Anastazia akaja mezani kwake na ramani ya zamani ya kijiji. "Dada Gaude, hii naiingiza tu kwenye kompyuta, au kuna kitu cha kubadilisha kwanza?"

Kilikuwepo. Ramani za zamani zina mfumo wake wa vipimo. Usipougeuza kwanza uwe wa sasa, shamba zima linahama mahali pake. Gaudensia alilijua hilo, lilishamtoa machozi alipokuwa mgeni. Akatabasamu.

"Ingiza tu. Mimi naingizaga hivyo hivyo."

Akaomba kwenda naye Buswahili, eti kumsaidia. Ukweli, alitaka kuona.

Kigingi cha kwanza kikaangukia katikati ya uwanja wa Mzee Keraryo, mmoja wa wale majirani wawili, cha pili ndani ya zizi lake. Wanaume wakainuka na fimbo.

"Mmehongwa!" Keraryo akafoka. "Mnampa Enoka nyumba yangu?"

Gaudensia alingoja binti aanze kutetemeka. Anastazia akaweka mashine chini. "Mzee, nimekosea. Bado sijajua ni wapi. Nionyesheni jiwe moja tu la mpaka ambalo wewe na Mzee Enoka mnakubaliana nalo."

Wakamwonyesha. Akapima. Wakamwonyesha jingine, akapima, kisha akachutama, kompyuta mapajani. Akalinganisha vipimo na ramani. Alipoinua uso, ulikuwa unang'aa. "Yote yamehama upande mmoja, umbali ule ule! Shida si mashamba, ni ramani!"

Kabla jua halijapinda, vigingi vilikuwa vimekaa mahali pake na Keraryo anamwagiza mkewe alete uji wa mtama. Gaudensia alisimama kando ya gari. Jambo alilolisotea miezi, mwenzake kalipata asubuhi moja, tena mbele ya fimbo. Wivu, badala ya kupoa, ukawaka upya.

Njiani kurudi Musoma, Anastazia akasema bila kugeuka, "Ulikuwa unajua, dada."

"Nilijua."

"Basi."

Anastazia hakumshtaki kwa bosi. Lakini hakumwuliza tena kitu, na wengine nao taratibu wakaacha kupita mezani kwake. Gaudensia akabaki na ujuzi usio na wa kuutaka.

Mvua zilipoanza, ofisi ikanunua programu mpya ya droni, na kila Ijumaa alasiri Anastazia akawa anawafundisha wenzake. Gaudensia alijifanya ana kazi. Akapambana na programu ile peke yake, ikamshinda. Ijumaa moja akabeba kiti na kompyuta yake, akakaa nyuma ya Yusto. Ulimi ulikuwa mzito.

"Picha zangu zinakataa kuungana," akasema. "Nakosea wapi?"

Yusto akageuka. Anastazia akasogea, akainamia kompyuta ya Gaudensia, akamweleza mwanzo mpaka mwisho, hata mitego midogo ambayo hakuulizwa. Gaudensia akafuatisha kwa kidole kwenye kioo. Bado alimwonea wivu, tena sana.

"Hapo sijaelewa," akasema. "Rudia."

Anastazia akarudia.