Marekebisho ya Donatus

Mwaka 1998, kwa hesabu ya Theopista, Shinyanga mjini kulikuwa na watu wawili tu waliojua kwamba Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, na bahati mbaya wote wawili walifanya kazi chumba kimoja. Mmoja alikuwa yeye mwenyewe. Wa pili alikuwa Donatus, mtu wa Bukombe, mpole mpaka anaudhi. Meza zao zilitazamana nyuma ya duka la Mzee Kamrudin la vipuri vya baiskeli na mashine za chapa.

Theopista alitumia Red Hat, Donatus alitumia Slackware. Asiyejua tofauti asihangaike, maana Mzee Kamrudin naye hakuijua na ndiye aliyewaajiri. Zote mbili ni Linux, ila kila moja ilikuja na maktaba zake na zana zake za kujengea programu, za matoleo tofauti, na programu iliyojengwa kwenye moja ilikataa kabisa kufanya kazi kwenye nyingine. Hilo waliligundua wiki ya kwanza. Wakalibishania mwezi mzima.

Kazi yenyewe ilitoka Segese. Maabara moja ya kupima mawe ya dhahabu ilitaka programu ya kukokotoa gramu ngapi ziko katika kila tani, na ilitaka pia mtu mmoja wa kukaa nayo hukohuko: mkataba wa miaka miwili, nyumba ya vyumba viwili, umeme wa jenereta. Mzee Kamrudin alikata shauri mapema. Linux itakayochaguliwa ndiyo itakayokwenda Segese, na mwenye Linux yake ataondoka nayo. Yule mwingine, alisema huku akitazama sakafu, itabidi ajitafutie.

Theopista aliitaka Segese kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alikuwa na miaka sita analala sebuleni kwa dada yake Ngokolo, na wapwa zake wadogo walimpanda kichwani kila alfajiri. Donatus naye alikuwa na mke, Monika, na mtoto mchanga aliyebatizwa juzijuzi, lakini yeye hakusema kama anaitaka Segese au haitaki. Ndivyo alivyo, huwezi kujua.

Septemba ndipo shida ilipoanza. Donatus ndiye aliyeandika sehemu ya kanuni, na kila alipoona kosa alilisahihisha kwenye mashine yake, akayafunga mafaili kwenye disketi, akampa Theopista ayafungue kwake. Theopista aliyafungua, akaita make, zana inayotazama ni faili lipi limebadilika ili ijenge upya hilo tu. Make ikajibu kwamba hakuna kipya cha kujenga. Namba zikatoka zilezile za makosa. Kwa Donatus zilitoka sahihi, ila huko kila faili la Theopista lilipoingia mashine ilijenga kila kitu upya, dakika arobaini, kama mtu anayefua hata nguo safi. Donatus akasema, taratibu, labda toleo la make la Red Hat lina kasoro.

Hapo mori ukampanda Theopista. Alisema mengi, na aliyasema mbele ya Mzee: kwamba Slackware ya Donatus ni ya kizamani, kwamba make yake imepitwa na wakati, kwamba marekebisho anayoleta siyo marekebisho bali ni disketi tupu zenye lebo nzuri. Wageni wa maabara walipokuja kujionea, jiwe la kawaida kabisa likasomeka lina gramu mia nne kwa tani. Mgeni mmoja akauliza kwa upole jiwe hilo limeokotwa wapi. Theopista akaeleza, kwa ufasaha uliomshangaza hata yeye, kwamba Slackware inafunga mafaili vibaya. Jamani, Donatus anasingiziwa waziwazi, anatazama kiganja chake tu.

Red Hat ikachaguliwa. Ijumaa ikawa siku ya mwisho ya Donatus, na siku hiyo saa nane mchana aliandika rekebisho lake la mwisho huku Theopista amesimama nyuma yake, akisubiri kiti. Kisha akaaga watu mmojammoja, akaenda nyumbani kufunga mizigo ya kurudi Bukombe.

Jumamosi asubuhi Theopista alikaa kwenye mashine ya Donatus kuifuta na kuweka Red Hat. Kabla ya kufuta, alifungua orodha ya mafaili ili ahamishe yanayofaa. Rekebisho la Ijumaa lilikuwa juu kabisa, na pembeni yake saa: 8:10. Akapita. Saa nane na dakika kumi, ndiyo, alikuwepo akaona kwa macho yake. Alikuwa ameshafika katikati ya orodha ndipo mkono ukasimama. Mashine haihesabu saa kwa Kiswahili. Saa nane mchana kwa mashine ni 14.

Mashine ya Donatus ilikuwa nyuma kwa saa sita. Kila alichokisahihisha kilifika kwa Theopista kikiwa na umri mkubwa kuliko kosa lenyewe, na make, kwa akili yake yote, ikaona cha zamani hakina haja ya kujengwa. Matoleo hayakuhusika kabisa. Theopista aliyapa mafaili saa sahihi, akajenga. Kila namba ikatoka ilivyotakiwa.

Ikabaki kujua nani aliiweka saa ile, na hilo halikumchukua muda kulikumbuka. Agosti Donatus alikwenda likizo ya ubatizo. Betri ndogo ya ndani ya mashine yake ilikuwa imekufa, na kila umeme ulipokatika alikuwa akiandika saa upya. Theopista akamwonea huruma, akamwekea betri mpya. Mashine ikauliza saa. Ya mkononi mwake ilikuwa kwa fundi, hivyo akamuuliza Mwamvua wa mapokezi, na Mwamvua akasema saa tatu na dakika ishirini. Theopista akaandika 3:20. Donatus aliporudi mashine haikumuuliza tena, naye hakuwa na sababu ya kuitazama. Ndiyo wema wenyewe aliomfanyia mwenzake.

Diski ya Red Hat ilikuwa tayari ndani. Kwenye skrini kulikuwa na swali kama afute kila kitu. Kubonyeza mara moja tu, na saa, na orodha, na ushahidi wote ungeondoka, na Jumatatu angekuwa Segese. Theopista alikaa pale mpaka chai aliyoletewa ikapoa. Aliogopa, na aibu ikamjaa usoni. Mwisho akaitoa diski, akaenda mbele dukani, akamwamkia Mzee Kamrudin shikamoo kwa mara ya pili siku hiyo, akamwambia yote.

Mzee alisikiliza huku akipanga minyororo ya baiskeli.

"Kwa hiyo Donatus ana kosa gani?"

"Hana, Mzee."

"Na Linux yake?"

"Nayo haina."

Mzee alisema maabara wameshaandikiwa barua kwamba ni Red Hat, na barua habadilishi. Red Hat itakwenda. Donatus ataipeleka.

Theopista akasema kwamba Donatus haijui Red Hat.

"Wewe unaijua," Mzee akasema. "Mfundishe. Una mpaka Alhamisi."

Donatus akaitwa kabla hajaondoka kwenda Bukombe, na Jumatatu wakakaa meza moja. Donatus alijifunza polepole, akiandika kila kitu kwenye daftari la mistari. Jumatano, bila kuinua kichwa, alisema Mzee amemweleza habari ya saa. Theopista akamwomba msamaha. Donatus akaandika mstari mwingine kwanza.

"Ungefuta tu. Nisingejua maisha yangu yote."

"Nilikaribia," Theopista akasema. "Kidole kilikuwa juu ya kitufe."

Donatus akaitikia kwa kichwa. Halafu akauliza, kwenye Red Hat, programu mpya inaongezwaje. Theopista akamwonyesha. Hakumficha kitu hata kimoja, na kila alichompa alikiona kinaondoka kwenda Segese bila yeye.